Sifuri ya Ubaoni na Volteji ya Mezani

Mwaka mmoja, katika maabara ya fizikia, tuliwapa wanafunzi-walimu kazi ndogo. Kila kikundi kiliunganisha amplifaya ya operesheni, ambayo mafundi huiita opampu kwa kifupi, katika sakiti ya kukuza volteji mara mia moja. Kabla ya kuingiza ishara yoyote, waliagizwa waunganishe ingizo la sakiti na ardhi, wapime volteji kwenye tokeo, kisha waandike walichokiona. Mita za vikundi vyote zilionyesha kitu: hapa volti 0.27, kule volti 0.15 chini ya sifuri, na kwingine karibu nusu volti. Tulipokusanya madaftari jioni ile, tulikuta vikundi vitano kati ya sita vimeandika tarakimu moja tu: sifuri.

Tulipowauliza, kijana mmoja alisimama akajibu kwa adabu: "Samahani, mwalimu. Ubaoni uliandika kwamba ingizo likiwa sifuri, tokeo nalo ni sifuri. Tulidhani mita ndiyo mbovu." Jibu lile lilitufedhehesha sisi kuliko lilivyomfedhehesha yeye. Kijana hakuwa mwongo kwa tabia. Alikuwa amefundishwa, nasi ndio tuliomfundisha, kwamba penye ugomvi kati ya ubao na mita, ubao ndio wenye haki. Na kijana huyo, baada ya miaka miwili, angekuwa amesimama mbele ya darasa lake mwenyewe akiwafundisha wengine hivyo hivyo.

Katika makala haya tunakusudia kutetea rai moja. Volteji ile isiyotakiwa inayotokea kwenye tokeo la opampu, ambayo huitwa ofseti, isichukuliwe kuwa kero ya kuondolewa haraka ili somo lianze. Volteji hiyo yenyewe ni somo, tena ni miongoni mwa masomo bora tuliyo nayo ya kumfundisha mwanafunzi kutafuta chanzo cha hitilafu kwa utaratibu, na kuandika alichokiona badala ya kile alichoambiwa atakiona.

Opampu ya ubaoni na opampu ya mezani

Opampu tunayoichora ubaoni ina sifa tatu: hukuza bila kikomo, hainywi mkondo wowote kwenye maingizo yake, na maingizo yake mawili hayatofautiani hata kidogo. Sifa hizi zinafaa sana kwa kupigia hesabu, nasi hatuna ugomvi nazo. Kosa huanza pale mwalimu anapozitaja kana kwamba ni habari za kile kidude cheusi chenye miguu minane kilichoko mezani, bila kusema kwamba ni urahisishaji tu.

Yafaa basi tuwaeleze wanafunzi kilichomo ndani. Katika opampu ya aina ya 741, ambayo ilibuniwa na Dave Fullagar katika kampuni ya Fairchild na kutoka mwaka 1968, na ambayo mpaka leo hupatikana kwa bei nafuu, maingizo mawili huendea transista mbili zilizotengenezwa pamoja ili zifanane kama pacha. Lakini pacha nao hawafanani kwa kila kitu. Katika joto la kawaida la chumba, transista mbili za silikoni zikitofautiana ukubwa kwa asilimia 1 tu, hudai tofauti ya volteji ya karibu milivolti 0.26 ili zipitishe mkondo ulio sawa. Zikitofautiana kwa asilimia 8, tofauti hiyo hufikia milivolti 2. Huo ndio mzizi wa ofseti. Aidha, kila transista katika hizo hunywa mkondo mdogo kwenye ingizo lake, na mkondo huo ukipita katika rezista kubwa huzaa volteji nyingine.

Kwa hiyo mwanafunzi anahitaji kukumbuka vyanzo viwili vilivyomo ndani ya chipu: tofauti ya volteji kati ya maingizo, na mkondo wa maingizo. Mtengenezaji hafichi mambo haya. Katika karatasi ya sifa za 741 ya daraja la kawaida, kwa joto la sentigredi 25, ofseti ya ingizo imeandikwa kuwa milivolti 2 kwa kawaida na milivolti 6 kwa upeo. Mkondo wa ingizo ni nanoampea 80 kwa kawaida na 500 kwa upeo. Na tofauti kati ya mikondo ya maingizo mawili ni nanoampea 20 kwa kawaida na 200 kwa upeo. Tena, kati ya pini nane za chipu hiyo, mbili zimewekwa kwa kazi ya kusawazisha ofseti. Mtengenezaji asingetoa pini mbili kati ya nane kwa jambo lisilokuwapo.

Kutabiri kabla ya kupima

Watu husema kwamba sakiti imetoa volteji isiyotarajiwa. Sisi twauliza: je, mwanafunzi alitarajia nini? Asiyetarajia kitu hawezi kushangazwa kwa haki. Kwa hiyo hatua ya kwanza tunayoipendekeza hufanywa kwa kalamu, kabla umeme haujawashwa.

Tuchukue sakiti ile ile ya wanafunzi wetu: rezista ya ingizo ni kiloomu 10, rezista ya mrejesho ni megaomu 1, na ingizo lenye alama ya kujumlisha limeunganishwa moja kwa moja na ardhi. Kwa ishara inayopita katika rezista ya ingizo, ukuzaji ni 100, tena kwa kugeuza alama. Lakini ofseti haipiti huko. Hujiweka kana kwamba ni betri ndogo iliyofungwa kwenye ingizo la kujumlisha, na kwa hiyo hukuzwa mara 1 + 100, yaani mara 101. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini ni 101 wala si 100, na akaweza kueleza, tayari ameielewa opampu kuliko yule anayekariri kanuni tano.

Basi milivolti 2 zikizidishwa kwa 101 huwa milivolti 202, juu au chini ya sifuri, maana hatujui mapema ni transista ipi iliyomzidi pacha wake. Mkondo wa nanoampea 80 nao, ukipita katika megaomu 1 ya mrejesho, huzaa milivolti 80. Katika 741 mkondo huu huingia ndani ya chipu, na kwa hiyo husukuma tokeo upande wa juu. Jumla, kwa chipu ya kawaida, ni milivolti 282 juu ya sifuri au milivolti 122 chini yake. Ikiwa chipu imefikia upeo wa yote mawili, hesabu yatupa milivolti 606 na 500, yaani zaidi kidogo ya volti 1.1.

Sasa turudi kwenye yale madaftari. Volti 0.27, volti 0.15 chini ya sifuri, karibu nusu volti: hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ya ajabu. Mita zilikuwa zinasema kweli, na chipu zilikuwa zinatimiza ahadi ya mtengenezaji. Kitu pekee kilichokuwa kibaya mezani ni zile sifuri.

Hapa ndipo faida ya kutabiri inapoonekana. Swali la mwanafunzi hubadilika kutoka "kwa nini si sifuri?" na kuwa "je, hii ni kiasi kile nilichotarajia?" Swali la kwanza humfanya adhani sakiti ni mbovu kila mara. Swali la pili humpa kipimo cha kutenganisha tabia ya kawaida ya chipu na hitilafu ya kweli. Ofseti ya volti 0.3 katika sakiti hii haitaki fundi. Ofseti ya volti 5 yamtaka.

Utaratibu wa kutafuta chanzo

Tuseme basi kwamba mita yaonyesha zaidi ya kiasi kilichotabiriwa. Tumeona inafaa kuwafundisha wanafunzi waende kwa mpangilio, wakibadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, na wakiandika kipimo kabla na baada ya kila badiliko.

Kwanza, wahakikishe kwamba ingizo kweli ni sifuri. Waya wa ardhi usiogusa vizuri kwenye ubao wa majaribio huliacha ingizo likielea. Pili, wapime umeme wa ugavi kwenye pini zenyewe za chipu, wasitosheke na kuutazama kwenye mashine ya ugavi. Mara nyingi upande mmoja huwa haukufika kabisa.

Tatu, watazame kama tokeo limeshiba, yaani limekwama karibu na volteji ya ugavi. Tokeo lililoshiba lina chanzo kingine, na ni kosa kulitafutia dawa ya ofseti. Pengine mrejesho umekatika. Pengine 741 imepewa betri moja ya volti 9 na maingizo yake kuwekwa kwenye upande hasi wa betri hiyo, hali chipu hii haikuundwa kufanya kazi hivyo, na tokeo lake haliwezi kushuka mpaka chini. Au pengine ingizo la kujumlisha limefungwa kapasita peke yake, bila njia ya mkondo wa moja kwa moja kwenda ardhini.

Kosa hili la mwisho twashauri lifanywe makusudi mbele ya darasa. Iunganishwe opampu ya 741 isiyokuza, ambayo tokeo lake hufuata ingizo, kwa ugavi wa volti 15 kila upande, na ingizo lifungwe kapasita ya mikrofaradi 0.1 iliyounganishwa na ardhi. Mkondo wa nanoampea 80 hulijaza kapasita hilo kwa kasi ya volti 0.8 kila sekunde. Wanafunzi watauona mshale wa mita ukitambaa kuelekea chini, na katika muda usiofika sekunde ishirini utakuwa umefika mwisho. Kisha mwalimu afunge rezista ya megaomu 1 kati ya ingizo na ardhi. Mshale utarudi na kutulia karibu na sifuri, lakini hautafika sifuri kamili, kwa kuwa nanoampea 80 zinazopita katika rezista hiyo zitaacha karibu milivolti 80 chini ya sifuri. Darasa litakuwa limeona kwa macho kwamba dawa nayo ina gharama yake, na kwamba gharama hiyo yaweza kuhesabiwa.

Nne, ikiwa tokeo halikushiba, watenganishe vile vyanzo viwili. Jaribio lenyewe ni rahisi na halihitaji chombo chochote zaidi ya rezista mbili. Baada ya kupima sakiti yenye kiloomu 10 na megaomu 1, waziondoe rezista hizo na kuweka omu 100 na kiloomu 10, bila kuigusa chipu. Uwiano ni ule ule, na ofseti bado hukuzwa mara 101. Lakini mkondo wa nanoampea 80 sasa hupita katika kiloomu 10 tu, na kuzaa milivolti 0.8 badala ya 80. Kwa hiyo kilichobaki kwenye mita ni kazi ya ofseti ya volteji karibu peke yake, na tofauti kati ya vipimo viwili ni kazi ya mkondo. Mwanafunzi amepima, kwa mita ya kawaida, mkondo wa sehemu ya milioni kumi ya ampea ambao mita hiyo isingeweza kuupima moja kwa moja. Tumeona nyuso za wanafunzi wakati wa hesabu hiyo, nasi twathibitisha kwamba hakuna maelezo ya ubaoni yaliyowahi kuleta furaha ya namna ile.

Baada ya hapo waweke rezista ya kiloomu 10 kati ya ingizo la kujumlisha na ardhi katika sakiti ya kwanza. Mikondo ya maingizo mawili sasa hupingana, na kinachobaki ni tofauti yao tu: nanoampea 20 badala ya 80, yaani milivolti 20 kwenye tokeo badala ya 80. Rezista hiyo, ambayo wengi huichora kwa sababu kitabu kimeichora, sasa imepata maana.

Tano, wachunguze yaliyo nje ya chipu. Waya wa ardhi hauna ukinzani wa sifuri. Waya wa shaba wa sentimita 60, wenye unene wa milimita mraba 0.5, una ukinzani wa karibu omu 0.02. Ikiwa waya huo ndio unaorudisha pia mkondo wa balbu wa miliampea 100, kati ya ncha zake kuna milivolti 2, sawa kabisa na ofseti ya chipu nzima, nazo hukuzwa pamoja nayo. Hali kadhalika, sakiti yaweza kuwa inajitetemesha yenyewe kwa kasi kubwa, na mita ikaonyesha wastani wa mtetemo huo kana kwamba ni volteji tulivu. Kidole kikikaribia na kipimo kikaruka, hiyo ni dalili. Osiloskopu itathibitisha, na kapasita ya mikrofaradi 0.1 karibu na pini za ugavi mara nyingi huponya.

Haraka mbili zenye hasara

Walimu wenzetu watatuuliza: kwa nini safari ndefu hivi, hali kuna potenshomita? Ni kweli kwamba potenshomita ya kiloomu 10, ikifungwa kati ya pini ya 1 na ya 5 za 741, na mguu wake wa kati ukipelekwa kwenye ugavi hasi, huweza kulirudisha tokeo kwenye sifuri. Sisi hatuikatazi. Twakataza kuanza nayo. Anayeanza na potenshomita hufuta ushahidi kabla ya kuusoma. Ikiwa chanzo kilikuwa waya mbovu wa ardhi au mtetemo, potenshomita imekificha tu, na hali ya joto ikibadilika, au balbu ikizimwa, volteji ile itarudi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Haraka ya pili ni ya kung'oa chipu na kuweka nyingine. Hapa pia mwanafunzi hapati elimu, maana sakiti ikipona hajui kilichoiponya, na isipopona hajui afanye nini tena isipokuwa kung'oa ya tatu. Hata pale ambapo badiliko lina hoja, hutaka hesabu. Akiweka TL081 mahali pa 741, mkondo wa ingizo hushuka mpaka sehemu ndogo mno ya ule wa kwanza na kuacha kuwa tatizo, lakini ofseti ya volteji yaweza kuwa kubwa zaidi ya ile aliyoikimbia. Akiweka OP07, ofseti hushuka sana, lakini pini za kusawazisha si zile zile: katika OP07 ni ya 1 na ya 8, na mguu wa kati wa potenshomita huenda kwenye ugavi chanya, si hasi. Akiweka LM358, atakuta haina kabisa pini za kusawazisha, maana ndani yake mna opampu mbili na pini zote nane zimekwisha kazi. Abadilishaye bila kusoma hujiletea hitilafu mpya juu ya ile ya zamani.

Pingamizi zinazotolewa

Pingamizi la kwanza ni la muda. Vipindi ni vichache, silabasi ni ndefu, na mtihani hauulizi habari za ofseti. Sisi hatudai vipindi vipya. Jaribio la rezista mbili huchukua kipindi kimoja, na katika kipindi hicho mwanafunzi hurudia sheria ya Ohm, ukuzaji, mrejesho na kazi ya transista, yaani mambo yale yale ambayo mtihani huyauliza. Kipindi hicho hakikupotea.

Pingamizi la pili ni la vifaa. Wapo wenzetu wanaosema kwamba maabara zao hazina vyombo vya kutosha kwa uchunguzi wa namna hii. Twawaomba wahesabu tena. Kinachotakiwa ni chipu moja, rezista chache, kapasita moja, betri na mita ya kawaida. Osiloskopu ni msaada mkubwa, lakini hatua nyingi tulizozitaja hazihitaji. Tena, chipu mbaya ina thamani kuliko chipu nzuri katika somo hili, kwa kuwa ofseti yake kubwa husomeka kwa mita hafifu.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo ni la heshima ya mwalimu. Mwalimu aliyeandika sifuri ubaoni huona aibu mita inapomkanusha mbele ya wanafunzi. Twaelewa, maana nasi tulipitia hapo. Lakini yafaa tukumbuke kwamba mabingwa wa fani hii hawakuona aibu. Siku za opampu za vali, zilizotumika katika kompyuta za analogi, ofseti ilikuwa ikitambaa na kuharibu hesabu, kwa sababu kila integreta hujumlisha kosa dogo mpaka likawa kubwa. Mwaka 1949 Edwin A. Goldberg wa kampuni ya RCA alibuni njia ya kuidhibiti kwa kuikatakata volteji hiyo, kuikuza pembeni, na kuirudisha ili ijisahihishe. Njia hiyo haikuzaliwa na watu walioandika sifuri katika madaftari yao. Ilizaliwa na watu walioitazama volteji ndogo isiyotakiwa wakakataa kusema kwamba haipo.

Tunayopendekeza

Twapendekeza mambo matatu kwa walimu wenzetu wa vyuo. La kwanza, kila kazi ya opampu ianze kwa ukurasa wa utabiri: mwanafunzi aandike, kutokana na karatasi ya sifa za chipu na thamani za rezista zake, tokeo atakalolikuta ingizo likiwa sifuri, kwa kawaida na kwa upeo. Mwalimu atie saini ukurasa huo kabla umeme haujawashwa.

La pili, tubadili ugawaji wa alama. Kama kazi ina alama kumi, tatu ziwe za utabiri, mbili za kipimo kilichoandikwa kama kilivyoonekana, nne za kutafuta chanzo kwa utaratibu na kueleza sababu ya kila hatua, na moja tu ya kulirudisha tokeo kwenye sifuri. Kwa muda mrefu tumekuwa tukifanya kinyume cha hayo. Tuliitoza sakiti isiyo kamilifu alama zote, kisha tukashangaa wanafunzi wakitupa sakiti kamilifu za karatasi. Mwanafunzi ni mtu mwenye akili, naye huuza kile ambacho mwalimu hununua.

La tatu, nalo ndilo gumu kuliko yote, mwalimu mwenyewe akubali kuonekana akitafuta. Sakiti ikikataa mbele ya darasa, asiifunike kwa kitambaa na kusema kwamba wataiona wiki ijayo. Aseme wazi: "Mimi nilitarajia milivolti 280, naona volti 4. Tuanzie wapi?" Kisha aende hatua kwa hatua, akikosea panapokosewa, mpaka chanzo kipatikane. Mwanafunzi-mwalimu aliyeuona uchunguzi huo mara moja ataukumbuka siku atakapokuwa peke yake katika shule ya mbali, na mita moja, na darasa la vijana arobaini wanaomtazama.

Yule kijana aliyetujibu kwa adabu tulimrudishia daftari lake bila alama ya kosa. Tulimwomba aende mezani apime tena, kisha aandike alichokiona. Aliandika volti 0.27, akaipigia hesabu, akaja kutuonyesha kwamba ilikuwa karibu sana na ile iliyopaswa kuwapo. Ubaoni pia tulifanya sahihisho letu. Chini ya ile sifuri tuliyoiandika mwanzo tuliongeza maneno haya, ambayo sasa huyaandika kila mwaka mwanzoni mwa somo: hii ni ya opampu tuliyoichora, na ile iliyoko mezani iulizwe mita.